Kijiti cha Daraja la Ghorofa

Rehema alizikwa Jumanne, mimi nikafika Jumatano, na mpaka sasa sijui kama nilichelewa kwa sababu ya basi au kwa sababu ya woga. Binti yake, Zuhura, alinipigia simu saa mbili asubuhi nikiwa uani kwangu Same nachambua maharage. Akaniambia, “Mama mdogo, mama ametutoka,” nami badala ya kulia nikamuuliza atazikwa saa ngapi, kama mtu anayeuliza saa ya treni. Kutoka Same mpaka Makanya si safari ya kumtisha mtu. Watu huondoka asubuhi wakanunua vitunguu na kurudi kabla chungu hakijachemka. Lakini siku ile nilibadilisha gauni mara mbili, nikarudi ndani kutafuta miwani iliyokuwa usoni pangu, nikakaa kitandani na kujiambia nitakwenda kesho. Nina miaka sitini na miwili na bado najua kujidanganya vizuri kuliko ninavyojua kushona.

Nilipofika nilikaribishwa kwenye jamvi chumbani kwa wanawake, nikawapa pole, wakanipisha karibu na dirisha. Nje walikuwa wanaosha masufuria ya pilau ya jana na mtu mmoja alikuwa akigombana na kuku. Ndani wanawake walizungumza kwa sauti ndogo juu ya presha, juu ya nani amenenepa, juu ya mvua ambayo imekwenda milimani ikatusahau sisi wa tambarare. Kisha treni ikapiga honi huko mbali, upande wa korongo. Hakuna aliyegeuka. Mimi mkono wangu wa kulia ulinyooka wenyewe kwenye jamvi, kiganja juu, ukiomba kitu. Niliurudisha haraka na kuuficha chini ya mtandio, lakini mwanamke wa pembeni yangu alikwisha kuona, akanisogezea kikombe cha maji.

Kitu ulichokuwa ukiomba mkono wangu ni kijiti. Lazima nieleze kijiti, na siwezi kueleza kijiti bila daraja, na daraja lenyewe ukilisimulia leo vijana wanacheka. Reli yetu inapokata korongo kati ya Makanya na Same kulikuwa na daraja la ghorofa. Ghorofa ya juu waliijenga Wajerumani, chuma kitupu, na juu yake ndipo treni ilipopita na mpaka leo inapita. Ghorofa ya chini aliiongeza Mgiriki mwenye shamba la mkonge, miaka mingi baadaye, kwa ruhusa ya watu wa reli. Aliining'iniza kwa vyuma chini ya ile ya juu, akatandika mbao zilizopakwa lami, na juu ya mbao akalaza reli ndogo za matoroli ya kubebea mkonge. Asubuhi mabehewa yalinguruma juu na matoroli yalilia chini, na wafanyakazi waliotoka Kigoma, Songea na kwingineko walisukuma mkonge kwenda kiwandani huku wakitukana kwa lugha zao. Bei ya mkonge ilipoanguka shamba likafa. Matoroli yakauzwa, reli ndogo zikang'olewa, mbao zikabaki. Watu wa ng'ambo ya korongo, ambao zahanati na shule na kituo cha treni vyote vilikuwa upande wetu, wakazirithi zile mbao bila kumuuliza mtu.

Ilikuwa njia nyembamba. Watu wawili wenye mizigo wasingeweza kupishana, na punda akiingia hageuki. Kuivuka kulichukua muda wa kumaliza wimbo mmoja wa kanisani, beti zote. Watu wengi walivuka na miamvuli hata jua likiwaka, maana treni ya abiria ikishapita uchafu wa vyoo vya mabehewa uliendelea kudondoka kati ya vyuma kwa dakika kadhaa, na heri mvua kuliko hicho. Lakini jambo lenyewe zito lilikuwa mtikisiko. Treni ikiwa juu, mbao za chini ziliruka kama mahindi kwenye kaango. Kabla sijafika, mzee mmoja alikuwa amerushwa korongoni. Ndipo nyapara wa genge la reli, Mzee Mabula, Msukuma mrefu asiyecheka, alipokubaliana na wanakijiji kwamba njia itaendelea kwa sharti moja: treni juu, watu nje. Na ili kuhakikisha hilo, wakaiga kitu ambacho watu wa reli wenyewe walikitumia kwa treni zao kwenye njia moja. Wakachonga kijiti cha mpingo, kirefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, wakakipaka rangi nyekundu ncha zote mbili. Kilikuwa kimoja tu. Asiyekishika haingii ghorofa ya chini. Mwenye kwenda ng'ambo alikichukua kwa mlinzi wa upande wetu, akifika akakitundika kwenye ndoano, na anayerudi akakichukua pale na kumkabidhi mlinzi.

Mlinzi wa mwaka ule nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeshuka kutoka Suji, milimani, kwa sababu ambazo naziachia Suji yenyewe, na kazi ilipatikana kwa kuwa mlinzi aliyenitangulia aliolewa. Nilipewa kibanda cha mabati, bendera ya kijani, bendera nyekundu, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti kiwe kengele. Nusu saa kabla ya treni nilikigonga kile kipande. Kijiti kikiwa mkononi mwangu, napunga kijani. Kijiti kisiporudi, napunga nyekundu na treni inasimama, hata awe amepanda waziri. Mzee Mabula alinifundisha kwa sentensi hizo hizo, akanirudishia maneno mara tatu kama mtoto wa darasa la kwanza, na nikaona ni kazi rahisi kuliko kupanda mlima na kuni.

Niliishi kwenye kambi ya zamani ya mkonge, chumba kimoja na Rehema. Yeye alikuwa mwenyeji wa Makanya, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara, mwaka mmoja mbele yangu, na alikuwa akiuza perege wakavu waliotoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Chumba kilinuka samaki hata tukifungua mlango kutwa nzima. Alikuwa na kitanda, mimi nilikuwa na mkeka. Mwezi wa pili akasema ananihurumia mgongo, tukaanza kulala wote kitandani, mmoja kichwa huku na mwingine kule. Sisi Wasabato wa Suji hatuli samaki asiye na magamba, na Rehema alilifahamu hilo siku ya kwanza aliponiona nimegeuza kipande kwenye sahani nikikikagua. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila alipoteleka perege alinisukumia sahani na kusema, “Kula, Msuji. Ina magamba.” Mimi nilipika makande ya mahindi na maharage, ambayo yeye aliyaita chakula cha kumfungia mtu safari. Jumamosi nilikuwa kwenye Sabato, yeye akashika bendera zangu. Ijumaa mchana alikwenda msikitini, mimi nikawachunga samaki wake wasiliwe na paka. Hakuna aliyetupangia. Sabuni ilikuwa ya foleni mwaka ule, na kipande kimoja tulikikata kwa uzi tukagawana sawasawa.

Woga ulianza mwezi wa tatu wa kazi yangu. Siku moja ya gulio niligonga kengele na kijiti hakikurudi. Nilisubiri, nikaita, nikagonga tena. Treni ya mizigo iliyobeba jasi ilipojitokeza kwenye kona nilipunga nyekundu. Ikasimama kwenye mwinuko pale pale kabla ya daraja. Kumbe kijiti kilikuwa kimetundikwa kwenye ndoano ya ng'ambo, kizima, na watu wote wa huko walikuwa msibani na hakuna aliyekumbuka kukirudisha. Darajani hapakuwa na hata mjusi. Lakini treni ile ilishindwa kuondoka. Magurudumu yalizunguka mahali pamoja, wakamwaga mchanga, wakarudi nyuma mpaka kituoni, wakaja tena, na ilipopita jua lilikuwa linazama. Mzee Mabula alinijia asubuhi yake akiwa amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

“Binti,” akasema, “treni si ng'ombe. Huisimamishi ukaiswaga tena.”

“Lakini mzee, kijiti hakikurudi.”

“Najua. Ulifuata sheria, sikulaumu. Lakini wakubwa wameniuliza hiyo ghorofa ya chini ni ya nani, na mimi sina jibu. Ikisimama tena kwa ajili ya upuuzi, nafunga kwa seng'enge. Huku na kule. Waambie wenzako.”

Niliwaambia. Ningefanya vizuri kunyamaza. Tangu siku ile kila aliyevuka alinipa na mzigo wake wa hofu. Mama mmoja aliyekuwa akimleta mtoto wake zahanati kila wiki alinishika mkono akaniambia, “Mwanangu, usitufungie njia.” Mwalimu mkuu akatuma barua. Watoto wa shule wakaniamkia kwa pamoja kama mimi ni mkaguzi. Njia nyingine ya kufika upande wetu ilikuwa kushuka korongoni kwenye mchanga na kupanda tena, mwendo wa saa moja na zaidi kukiwa kukavu, na milimani mvua ikinyesha hapakuwa na njia kabisa. Nikawa silali vizuri. Nilihesabu watu wakivuka, nikasahau hesabu, nikaanza upya. Rehema aliniambia nimeanza kusaga meno usingizini.

Katikati ya hayo akaja Mzee Mgonja na kesi yake. Alikuwa mkulima wa ng'ambo, Mpare mwenzangu, mwenye koti moja na kesi nyingi. Alikuwa akivuka na mbuzi wake wanne, kijiti mkononi, mtu fulani akaingia upande wa pili bila kijiti, mbuzi mmoja akashtuka na kuruka nje. Mbuzi akianguka pale hapabaki cha kuokota. Mzee akafungua shauri kwenye baraza, na mshtakiwa wa kwanza nilikuwa mimi, ingawa upande ule hata sikuuona.

“Pole, mzee, mbuzi amekufa,” nilimwambia.

“Hakufa. Ameuawa.”

“Na nani?”

“Na utaratibu. Utaratibu ulivunjwa, ukamuua mbuzi wangu. Na shahidi wangu namba moja ni hicho ulichokishika. Siku ya baraza nitakipeleka kijiti chenyewe, mwenyekiti akione kwa macho yake.”

Rehema alipenda sana habari hiyo. “Nyie Wapare mkikosa kesi mnaumwa,” aliniambia huku akigeuza samaki. “Hivi huyo mbuzi angekufa kwa minyoo, angeshtakiwa nani? Nyasi?” Tulicheka. Niandike kwamba tulicheka, kwa sababu watu wakifa tunaandika mambo mazito tu, na Rehema hakuwa mtu mzito.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Mvua ilianza milimani kabla ya mchana na korongo likajaa, maji mekundu yakibeba magogo na matope kwa kelele iliyotulazimu kuzungumza kwa mayowe. Rehema alikuwa amevuka asubuhi na tenga lake kwenda kuuza ng'ambo. Saa saba hivi Mzee Mgonja, ambaye alikuwa amekuja upande wetu kutafuta mashahidi, alifika kibandani akiwa na koti lake na karatasi zilizofungwa kwenye nailoni. Baraza lilikuwa linakaa alasiri hiyo hiyo, ng'ambo. Alichukua kijiti mkononi mwangu, akakitazama kwa mapenzi, akasema, “Leo hiki kitazungumza.” Akaingia darajani. Nilisema moyoni kwamba mzee anatania. Kisha nikasema kwamba hatanii. Mvua ikashuka na kwetu pia, na ng'ambo ikapotea machoni.

Treni ya abiria ilikuwa ya saa tisa. Niligonga kengele nusu saa kabla. Hakuna aliyekuja. Nikagonga tena mpaka nyundo ikaniponyoka kwa maji. Nilisogea mpaka ubao wa kwanza nikaita, “Nani yuko chini? Kuna mtu chini?” na sauti yangu ikaliwa na maji kabla haijafika popote. Ghorofa ya chini ilikuwa kiza cha mvua na vyuma. Nikarudi kibandani na bendera zote mbili mkononi, nikaanza kufikiri, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu sheria ile haikunitaka nifikiri. Nilifikiri hivi: kijiti anacho Mzee Mgonja, amekipeleka barazani kama alivyoahidi. Kama hakipo kwenye ndoano, hakuna aliyeweza kuingia. Kwa hiyo darajani hapana mtu. Na nikipunga nyekundu, treni ya abiria itasimama mwinukoni ndani ya mvua hii, itashindwa kuondoka, na kesho Mzee Mabula atakuja na seng'enge, yule mama hatafika tena zahanati, watoto watapita korongoni, na yote yatakuwa kwa sababu ya mbuzi. Niliyapanga vizuri, moja juu ya jingine. Honi ilipolia konani nilitoka nje na kupunga kijani.

Nilimwona dereva akinyanyua mkono kunisalimia. Mabehewa yalipita, madirisha yamefungwa, sura za watu nyuma ya vioo vyenye ukungu, mtoto mmoja amebana pua yake kwenye kioo. Daraja likanguruma. Nilihesabu mabehewa kwa sauti ili nisisikie kitu kingine chochote. Treni ilipoisha nilikaa chini kwenye tope, nikajiambia, umeona? Hakuna kitu. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini.

Rehema alirudi kabla ya jua kuzama, mvua ikiwa imekatika. Sikumwona akipita kibandani. Nilikuwa nimekwenda nyuma kuokota kuni zilizosombwa, na nilipofika chumbani nilimkuta amekaa kitandani, kanga imemshika mwilini kwa maji, hana tenga. Nikamuuliza tenga liko wapi. Akasema maji yamelichukua alipokuwa akilisuuza. Nikamuuliza amevukaje bila kijiti. Akasema, “Ndiyo, nimekula.” Nilirudia kwa sauti kubwa, akanitazama mdomoni, akasema hakukuta kijiti kwenye ndoano, amevuka hivyo hivyo treni ilipokwisha kupita. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na kujaa vibanzi. Alisema ameteleza kwenye ngazi za duka. Nikawasha taa ya kandili, nikachemsha maji ya chumvi, nikachukua pini na kuanza kuvitoa vibanzi kimoja kimoja. Alikuwa akitetemeka na mimi nilikuwa nikitetemeka, na kila mmoja alimwambia mwenzake ni baridi. Vibanzi vile vilikuwa vyeusi na vilinuka lami. Ngazi za duka la ng'ambo zilikuwa za saruji. Nilizijua, nilikwishazikalia mara nyingi. Nikaona, na sikuuliza. Nikapika uji, akanywa, akalala kichwa upande wa miguu yangu kama siku zote.

Kijiti kilipotea kabisa. Kesho yake kijiji kizima kilikubaliana kwamba kimechukuliwa na Mzee Mgonja, na mzee, ambaye hakuna kitu alichokipenda kama kushukiwa, alipoulizwa alitabasamu na kusema, “Hayo tutayasikia barazani.” Kesi ikaahirishwa mara nyingi, mwenyekiti akahamia Hedaru, na mbuzi akasahauliwa. Kikachongwa kijiti kingine. Mimi niling'ang'ania lile tabasamu la mzee kama dawa. Kila usingizi ulipopotea nilimweka Mzee Mgonja mbele yangu, anakwenda barazani, kijiti kwapani, nikapata nafuu kidogo. Kisha nilimsikia Rehema akigeuka na kuniuliza, “Umesema?” wakati sijasema neno. Sikio lake la kushoto halikupona.

Hakuivuka tena ile ghorofa. Alisema mguu unamsumbua kwenye mbao, akawa anashuka korongoni na tenga jipya kichwani, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, juani, na mguu unaosumbua. Hakuna aliyemuuliza maana watu hawakosi shughuli zao. Mimi nilikuwa nikimtazama kutoka kibandani, kitone cha kanga kwenye mchanga mweupe, anapungua mpaka anapotea. Siku moja, labda miezi miwili baadaye, tulikuwa tunakula. Alinisukumia sahani, akasema maneno yake ya magamba, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

“Shoga, hivi kijiti kisiporudi, unapunga ipi?”

“Nyekundu,” nikasema.

“Siku zote?”

“Siku zote.”

Alinyofoa kichwa cha samaki, akakitazama, akasema, “Haya,” akaanza kula. Mimi nikanywa maji mengi. Katika maisha yangu nimesema uongo mkubwa kuliko ule, kwa watu waliostahili na wasiostahili, lakini huo ndio ninaokumbuka sahani yake.

Mwisho wa mwaka niliacha kazi, nikaenda Same kujifunza ushonaji. Ghorofa ya chini iliendelea kutumika miaka mingi. Mama wa zahanati alimlea mtoto wake mpaka akawa mtu mzima, na baadhi ya wale wanafunzi leo ni babu. Baadaye likajengwa daraja la barabara, mbao zikaoza, na zilizobaki watu wa reli wakazishusha. Rehema nami tulitembeleana kwenye ndoa, uzazi na misiba. Tulikaa uani kwake na kwangu, tukasema juu ya kila kitu chini ya jua, na mara nyingi nilifungua mdomo nikitaka kumuuliza nikaishia kuuliza bei ya perege. Naye sikio lake zima aliligeuzia upande wangu siku zote. Nilidhani nina muda. Mtu ukiwa na rafiki wa miaka arobaini unadhani ni kama mlima, utaukuta pale pale.

Alasiri ile ya msiba, wanawake walipopungua, Zuhura alikuja akakaa mbele yangu. Ana uso wa mama yake na haraka ya mama yake.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Pole. Nimechelewa.”

“Mama alisema utachelewa.” Akafungua kanga iliyokunjwa mapajani mwake. “Akasema nikupe hiki. Alikuwa nacho sandukuni, sisi tulidhani ni cha dawa.”

Rangi nyekundu ya ncha ilikuwa imebakia kwenye nyufa tu. Mpingo wenyewe haukuwa umebadilika. Sikukigusa.

“Alinisimulia wiki mbili zilizopita,” Zuhura akasema. “Alikikuta kwenye ndoano, akaingia nacho. Alikuwa katikati ya daraja kengele ilipolia, na mzigo ulikuwa unafunguka, akakaa chini kuufunga vizuri. Treni ikaja. Alilala kifudifudi akashika mbao. Nikamwambia, mama, kengele si uliisikia? Nusu saa nzima! Kwa nini hukukimbia?”

Nje mtu alikuwa akikwangua ukoko wa sufuria.

“Akanicheka. Akasema, ‘Nikimbie nini, na kijiti ninacho, na mwenye bendera ni shoga yangu?’”

Nililia pale, kwa sauti, jinsi ambavyo sikulia nilipopigiwa simu. Mwanamke mmoja alichungulia mlangoni, akaona ni msiba, akaondoka. Zuhura aliniacha nilie. Nilipotulia akaniuliza polepole, bila ukali, “Mama mdogo, ulijua?”

Miaka yote nilikuwa na jibu la swali hilo, lenye mvua ndani yake, na mbuzi, na Mzee Mgonja. Nikaliacha.

“Nilijua,” nikasema. “Tangu jioni ile. Nilimtoa vibanzi kwa mkono wangu.”

Nikakipokea kijiti kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyokumbuka. Zuhura aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikingojea, akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Akaiweka chini na kuisukuma taratibu juu ya jamvi mpaka ikagusa goti langu.

“Na hii nayo kaagiza,” akasema. “Kula, mama mdogo. Ina magamba.”